Kipindi cha usiku cha nyimbo za mapenzi zenye uchungu: waimbaji gani, na sebene tuikate ao tuiache?

Msikilizaji wa Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu wandugu. Redio moja ya mtaa hapa Lubumbashi inafungua kipindi cha siku ya Mungu usiku, saa mbili mpaka saa nne: nyimbo za mapenzi zenye uchungu peke yake. Si za arusi, si za kuchezesha watu. Kwenye dakika 120 toa 12 za matangazo na 15 za mtangazaji, zinabaki 93 za muziki.

Yanayosumbua ni haya. Kwanza uchaguzi: kila mtu anataja Franco, Tabu Ley, Koffi, Ferre Gola, basi. Lakini nyimbo zao si zote za kulia. Pili sebene, ile sehemu ya mwisho ya magitaa ya kuchezesha: wimbo unaanza na mtu aliyeachwa, ukifika dakika ya tano magitaa yanawaka, atalaku (mwenye kuita watu wacheze) anapiga kelele, na huzuni yote imekwisha. Tukate? Tukikata, wapi? Tatu, mafaili yametoka kila pahali, mengine kwenye kaseti, mengine WhatsApp. Huu unanong'ona, unaofuata unapasua masikio. Nne, wasikilizaji wa Katuba, Ruashi na Kenya (Kenya yetu ya hapa, si ile ya Nairobi) wengi wao ni watu wa Kiswahili. Kilingala wanakicheza, maneno yote hawayapati.

Anayejua kazi hii atupe hesabu, si majina tu.

Papa Santuri (Bukavu)

Ndugu, kabla ya majina, tenganisha watu wawili ambao redio nyingi zinawachanganya: mwenye kutunga na mwenye kuimba. Kwenye rumba ya Kongo wimbo wa uchungu mara nyingi ni kazi ya mtu mmoja ndani ya koo la mwingine. Mfano mkubwa ni Simaro Lutumba wa OK Jazz, orkestra ya Franco, aliyezaliwa 1938 na kufa 2019. Kazi yake katika orkestra ilikuwa gitaa la kusindikiza, na watu walimwita mshairi. "Mabele" ya 1974 ni yake, sauti ni ya Sam Mangwana. "Maya" ya 1984 ni yake, sauti ni ya Carlyto. "Testament ya Bowule" ni yake, sauti ni ya Malage de Lugendo. Mtangazaji akisema "wimbo wa Carlyto" simu zitaanza kuita kutoka kwa wazee, na wazee wana haki. Kwenye karatasi yenu wekeni safu mbili, mtunzi na mwimbaji. Itawasaidia pia siku mtakapotakiwa kutoa orodha kwa ajili ya haki za watunzi.

Simaro mpeni nyimbo mbili kwa usiku mmoja, si zaidi. Maneno yake ni mazito, yana mafumbo ndani ya mafumbo, na yakifuatana matatu msikilizaji anachoka.

Madilu System (1952–2007) ana sauti iliyopasuka kidogo pembeni, inayolia hata akisoma bei ya mihogo. Hapo ndipo mtego ulipo. "Mario" ya 1985, aliyoimba pamoja na Franco, inawekwa kwenye kila orodha ya mapenzi ya huzuni, na haifai. Ni karipio: kijana anayekula mali ya mwanamke aliyemzidi umri, na Franco anamsema mbele ya watu. Tena inazidi dakika 14. Mchukue Madilu wa "Ya Jean" ao wa "Frère Edouard", muache Mario abaki kwenye baa.

Mtego wa namna hiyo uko kwa Tabu Ley pia. "Mokolo nakokufa" ya miaka ya 1960 ni mojawapo ya nyimbo za huzuni kubwa kabisa katika muziki wetu, lakini inaongea juu ya siku ya kufa, si juu ya mpenzi. Ukiiweka katikati ya watu walioachana unageuza kipindi kuwa kilio. Kwa Tabu Ley chukueni zile ambazo sauti yake ya juu inabembeleza na saksofoni inamjibu. Afrisa, orkestra yake, walikuwa mabingwa wa jambo hilo.

Papa Wemba: mama yake alikuwa mwombolezaji wa matangani, na Wemba mwenyewe alieleza kwamba uimbaji alianzia kwake. Ukilijua hilo unasikia kwa nini anapanda juu na kushuka polepole kama mtu anayeita jina la aliyekufa. "Maria Valencia" inatosha kuonyesha. Msimpange karibu na Tabu Ley, sauti zote mbili ni za juu na zitachoshana. Baada ya Wemba mlete Koffi wa miaka ya 1990, mwenye sauti ya chini, nusu anaimba nusu anaongea. Mwendo ule aliuita tcha tcho, na kuna albamu ya 1990 yenye jina hilo. Polepole yake ndiyo iliyofanya watu waseme Koffi anaimbia sikio moja tu.

Wazungu msiwasahau kabisa, wazee wa Lubumbashi watawauliza. Jacques Brel na "Ne me quitte pas" ya 1959, Joe Dassin na "Et si tu n'existais pas" ya 1975, Mike Brant, Frédéric François. Mmoja kwa usiku, wawili wakizidi. Kipindi si chao.

Na kutoka hapa kwetu: Lokua Kanza alizaliwa Bukavu 1958. Gitaa la mbao, sauti, nafasi nyingi ya kimya, na sebene hakuna kabisa. "Wapi Yo" ya 1995 ukiiweka baada ya nyimbo mbili nzito za orkestra, masikio yanapumzika lakini moyo haupumziki.

Fundi Sauti (Goma)

Nachukua swali la pili na la tatu.

Hesabu kwanza. Wimbo mzima wa rumba ya miaka ya 1970 na 1980 una wastani wa dakika 8 mpaka 10. Kwa dakika 93 utapata nyimbo 10 hivi. Ukichukua sehemu ya kuimba peke yake, dakika 4 mpaka 5 na nusu, utapata 18 ao 19. Kwa hiyo kukata ao kutokukata ndiko kunakoamua kama mna waimbaji kumi ao ishirini.

Kuikuta sebene si kazi ya kubahatisha. Sikiliza gitaa la solo: wakati wa maneno linajaza nafasi kati ya mistari, wakati wa sebene linashika kifungu kifupi na kukirudia, na mistari ya maneno imekwisha, kimebaki kiitikio ao mlio. Mpiga ngoma naye anabadilisha, anahama kwenye mdomo wa ngoma ndogo na kuingia kwenye matoazi. Kwenye kompyuta, ukifungua faili ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, mara nyingi utaona mchoro wa sauti unanenepa kuanzia hapo na haupungui tena. Usikate pale pale unaponenepa. Rudi nyuma mpaka mstari wa mwisho wa kiitikio, acha mizunguko minne ya gitaa ipite, halafu anza kuzimisha taratibu kwa sekunde 8 mpaka 12. Chini ya sekunde 5 msikilizaji anahisi umemfungia mlango usoni. Zaidi ya 15, atalaku anakuwa ameshaingia na kusalimia watu.

Angalieni sana nyimbo zilizotoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45. Upande mmoja ulibeba dakika tatu mpaka nne na kidogo, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Walioziweka kwenye CD waliunganisha pande mbili, na pahali pa kuunganisha sauti inazimika kisha inarudi. Mtangazaji asiyejua anafungua kipaza sauti na kusema "huo ulikuwa...", na wimbo unamrukia mdomoni. Kwa kipindi chenu lakini ni bahati: santuri yenyewe imeshawakatia. Chukueni upande wa kwanza kama ulivyo.

Kasi. Faili zilizotoka kwenye kaseti nyingi ziko na mwendo wa uongo, kwa sababu mashine ya kunakili ilikuwa na mkanda wa mpira uliolegea, ao motari ilikimbia. Asilimia 6 ya kasi ni sawa na nusu-sauti nzima, yaani kidole kimoja kwenye gitaa. Chukua gitaa lililosawazishwa, jaribu kusindikiza. Kama wimbo unaangukia katikati ya vidole viwili, kasi imepotea; rekebisha kwa kubadilisha mwendo na sauti pamoja, nusu asilimia kwa nusu asilimia, mpaka ikae. Msishike kipimo hiki kama sheria: orkestra nyingine hazikujisawazisha kwa piano. Sikio liamue mwisho. Mwimbaji wa kiume anayetetemesha sauti haraka kama mtoto anayesikia baridi, huyo amekimbizwa.

Nguvu ya sauti. Kosa la kawaida ni kupandisha kila wimbo mpaka kilele chake kiguse juu. Kilele si nguvu. Wimbo wa 2017 umebanwa tangu studio, sauti yake yote iko karibu na kilele. Wimbo wa 1968 una kilele kimoja cha ngoma na vingine vyote viko chini. Tumia kazi ya Audacity ya kusawazisha nguvu inayosikika, ile yenye kipimo cha LUFS, na ziweke zote kwenye −16. Kisha zisikilize kwa redio ndogo ya mkononi, si kwa vipaza sauti vya studio. Za zamani sana zikiongeza ukwaruzo, zishushe mpaka −18, afadhali ziwe pole kuliko zipige kelele za mchanga.

Kuna ugonjwa mmoja unaoua nyimbo za sauti laini: waya ao kiunganishi kilichogeuzwa, upande wa kushoto unasukuma wakati wa kulia unavuta. Kwenye stereo utasikia kawaida, labda sauti imepanuka kidogo. Kwenye redio yenye kipaza kimoja, na wasikilizaji wenu wengi wana hiyo, sauti ya mwimbaji inayokaa katikati inafutika, inabaki orkestra. Jaribu kila faili kwa kuichanganya kuwa mono. Mwimbaji akipotea, geuza upande mmoja juu-chini, atarudi.

Na msihariri MP3 kisha kuihifadhi MP3 tena na tena. Kila mara inapoteza, mwisho matoazi yanalia kama maji kwenye jagi. Hariri, hifadhi WAV, piga WAV. Dakika moja ya WAV ya kawaida ni kama megabaiti 10, muziki wote wa dakika 93 haufiki gigabaiti moja. Nakala yake iwe kwenye simu iliyojaa moto na waya wake karibu, sababu umeme ukikatika katikati ya Wemba hamtapata muda wa kutafuta. Hiyo itawaokoa tu kama mtambo wa kurusha una jenereta ao betri yake.

Mtoto wa Rumba (Lubumbashi, Katuba)

Yaya Fundi, kwa vyuma nakupigia mikono. Kwa kukata sebene, hapana.

Sebene haikubandikwa nyuma ya wimbo kama bango. Mtu analia dakika tano mbele ya watu, halafu magitaa yanamshika mkono na kumsimamisha. Hata kwenye matanga, baada ya kulia watu wanaimba na kucheza mpaka asubuhi. Ukikata kila wimbo kwenye dakika ya tano, usiku mzima ni watu walioanguka na hakuna hata mmoja aliyeinuliwa. Ndiyo sababu vipindi vya namna hii vinachosha baada ya saa moja, si kwa ajili ya huzuni.

Fanyeni hivi: nyimbo 12 zilizokatwa na nyimbo 3 nzima. Hesabu ya dakika 93 inaingia: 12 kwa dakika 5 ni 60, tatu kwa dakika 10 ni 30, zinabaki 3 za makosa. Nzima ya kwanza iwe mwisho wa saa ya kwanza, ya pili katikati ya saa ya pili, ya tatu ifunge. Lakini nzima hizo zichaguliwe za kabla ya miaka ya 1980, wakati maatalaku hawajaingia. Sebene ya Docteur Nico ao ya OK Jazz ya miaka ya 1960 haipigi kelele, inaongea. Hakuna atakayelalamika kwamba umevunja huzuni.

Tena nashangaa watu wa Lubumbashi wanaulizwa Koffi na Ferre kabla ya Katanga. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya 1930, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Mtu mmoja, gitaa moja, kidole gumba na cha shahada tu, na Kiswahili chetu. Edouard Masengo alikuwa ndugu yake wa ukoo, alifanya kazi mpaka Nairobi. Losta Abelo ni wa shule hiyo hiyo. Nyimbo zao ni dakika tatu, hazina sebene wala hazihitaji kuelezwa. Wekeni moja kila baada ya nyimbo nne za Kilingala, kama kikombe cha maji. Tahadhari moja: nyingi zimetoka kwenye santuri za mizunguko 78, ukwaruzo ni mwingi. Msisafishe mpaka gitaa lipoteze meno yake. Ondoa mshindo mkubwa tu, mvua ndogo iacheni inyeshe.

Tshala Muana naye ni mzaliwa wa mji huu, 1958, amefariki 2022. Watu wanamjua kwa mchezo wa mutuashi na viuno, kwa hiyo hakuna anayemtegemea kwenye kipindi cha huzuni, na hapo ndipo atawapata. Chagueni za polepole. "Karibu Yangu" ina Kiswahili, wasikilizaji watajisikia nyumbani.

Msikilizaji wa Kamalondo (Lubumbashi)

Aksanti mingi. 12 na 3 inakubalika. Swali linalobaki ni la lugha: tuyaeleze maneno ya Kilingala wakati wimbo unaendelea, ao kabla? Na wanawake mbona hawajatajwa, isipokuwa Tshala?

Dada wa Himbi (Goma)

Ni kweli, wakubwa wametaja wanaume zaidi ya kumi na tano wanaolia na mwanamke mmoja. Kumbe aliyeachwa na watoto ni nani?

Mbilia Bel aanze. "Mpeve ya Longo", iliyomtambulisha ndani ya Afrisa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina jina la Roho Mtakatifu kwa Kikongo, lakini anayeimba ndani ni mwanamke aliyeachwa na bwana yake, analea watoto peke yake. Hiyo ni ya kuwekwa mapema, dakika ya ishirini hivi, wakati mama wa nyumba amemaliza vyombo. Mbilia Bel hasukumi sauti. Anaiacha nyepesi kabisa pale maneno yanapokuwa mazito, ndiyo maana inauma. Ukiifuatisha na sauti kubwa ya kiume utamfunika. Mfuatishe na Lokua Kanza ao na gitaa la Katanga.

M'Pongo Love (1956–1990) anahitaji uangalifu. "Ndaya" ina muziki mtamu wa kubembeleza, watu wanaiweka kwenye orodha za huzuni kwa kusikia sauti tu. Maneno, yaliyotungwa na Mayaula Mayoni, ni ya mwanamke aliyetulia, anayejivunia kupendwa na bwana yake. Ndiyo shida yote ya kuchagua kwa sikio bila lugha: polepole si huzuni. Kabla ya kuweka wimbo wowote wa Kilingala, Tshiluba ao Kikongo, tafuta mtu mmoja wa lugha hiyo na umuulize maswali matatu tu: nani anaongea, anaongea na nani, na anataka nini? Kama jibu la tatu ni "anataka kurudiwa", "anataka kujua kosa lake" ao "hataki kitu tena", wimbo unaingia. Kama ni "anasifu" ao "anachongea", unabaki nje.

Majibu hayo hayo matatu ndiyo mtangazaji anayoyasema kabla ya wimbo, sekunde 15, ishirini zikizidi. "Mwanamke anaongea na bwana aliyekwenda. Watoto wanauliza baba yuko wapi. Yeye hana jibu." Basi, muziki. Msitafsiri mstari kwa mstari, na msiongee juu ya wimbo. Mwimbaji wa rumba anaingia baada ya utangulizi wa gitaa wa sekunde 20 mpaka 40, na utangulizi huo ni sehemu ya kilio. Ukiongea juu yake umemla wimbo kichwa.

Kiswahili cha mashariki kinasaidia sana kwa lugha. Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajab, kila mmoja wimbo mmoja kwa zamu, juma hili huyu juma lijalo yule. Les Wanyika na "Sina Makosa" ya 1979: mwanamume anajitetea kwa mpenzi aliyekasirika, huku kila mmoja ana wake nyumbani. Ni huzuni yenye aibu ndani, na besi yake peke yake inatosha kumtambulisha. Super Mazembe, vijana waliotoka kwetu wakatulia Nairobi tangu 1974, wana "Shauri Yako", wimbo wa Nguashi N'Timbo. Wana "Kasongo" pia, mtu anaombwa arudi nyumbani, lakini kwa sasa uiacheni: Wakenya wameufanya utani wa siasa, ukianza tu vijana wenye simu watacheka.

Kwa vijana: Kidum wa Burundi, na wale wa Tanzania waliotoka Yamoto Band, Aslay na Mbosso. Diamond wa "Kamwambie", si Diamond wa leo. Nyimbo hizi ni dakika tatu na nusu ao nne, ngoma yake ni ya kompyuta, inapiga kifuani. Zikichanganywa moja moja na rumba ya zamani zinaifanya rumba isikike kama imetoka chumba cha pili hata baada ya kusawazisha LUFS, kwa sababu besi ni nzito zaidi. Afadhali zikae pamoja, tatu mfululizo, mwanzoni mwa saa ya pili, halafu wimbo wa gitaa na sauti peke yake uje kama daraja kabla ya kurudi kwa orkestra.

Fundi Sauti (Goma)

Dada amesema kweli kuhusu besi. Kama hamuwezi kuzikusanya pamoja, punguzeni chini ya hertzi 80 kwa desibeli 3 kwenye zile mpya. Msiongeze besi kwenye za zamani, mtaongeza mngurumo wa mashine ya santuri tu.

Juu ya mpangilio: pimeni mwendo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kwenye rumba watu wawili wanaweza kupata namba mbili, mmoja mara mbili ya mwenzake, kwa sababu mmoja anafuata besi na mwingine anafuata kayamba. Kubalianeni mnafuata besi, basi. Anzeni na za mwendo wa kati, shukeni kidogo kidogo, za polepole kabisa zikae kati ya dakika ya 50 na ya 80, kisha pandeni tena. Kosa la wanaoanza ni kufungua na wimbo mzito kuliko yote. Baada ya hapo hakuna pa kushuka.

Na Mtoto wa Rumba, sebene zako tatu nimezikubali. Lakini ile ya kufunga iwe na mwisho wake wa kweli, orkestra isimame yenyewe. Saa nne haingojei mtu kuzimisha polepole.

Mtoto wa Rumba (Lubumbashi, Katuba)

Imepita. Kuna mwiba mmoja bado: mabanga, yale majina ya watu yanayotajwa kwa kulipiwa. Ferre Gola ana sauti ambayo kwa kizazi chake sioni wa kuikaribia kwenye huzuni, "Vita Imana" ya 2006 ni shahidi, na Fally Ipupa wa "Droit Chemin", mwaka ule ule, hayuko mbali. Lakini mtu analia "umeniacha", na kabla ya kuvuta pumzi anataja tajiri wa Kinshasa, mwenye duka wa Paris na mke wa jenerali. Waliolipa kutajwa wametajwa, wimbo umebaki na mashimo. Sehemu hizo zinakatika?

Fundi Sauti (Goma)

Zinakatika zile zilizo kati ya mistari, kama muziki chini yake unarudia mzunguko ule ule. Tafuta mzunguko mzima, mara nyingi mapigo 8 ao 16, ondoa wote kuanzia pigo la kwanza la besi mpaka pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, unganisha kwa mchanganyiko wa milisekunde 10 mpaka 20. Ukikata katikati ya mzunguko, mpiga ngoma ataonekana amejikwaa. Jina lililoimbwa ndani ya mstari wenyewe, na mlio wake umeshikana na kiitikio, hilo halitoki. Ama unalivumilia, ama unachukua wimbo mwingine wa mwimbaji huyo. Ikizidi makato manne kwa wimbo mmoja, uacheni.

Papa Santuri (Bukavu)

Nyongeza ya mwisho kwa upande wangu, kwa kuwa watu watatuma salamu kwa simu: kipindi cha watu walioachana si kipindi cha salamu za kawaida. Someni jina moja tu la anayetuma, bila jina la ukoo, bila mtaa, na jina la anayetumiwa msilisome kabisa. Someni wimbo anaoomba na saa aliyoandika. Atakayejijua, atajijua. Na ujumbe wote ukusanywe mpaka wimbo wa nane ao wa tisa, usomwe kwa mkupuo mmoja wa dakika mbili. Ukisomwa mmoja mmoja kati ya nyimbo, zile dakika 15 za mtangazaji zinakuwa 30 na Simaro wa pili anakosa nafasi.